Mlango Nilioupaka Rangi ya Ukuta

Herufi yake ya S ilianguka ubavu kama mlevi. Nataka hilo lijulikane kwanza, kwa kuwa mengi nitakayoyasema baadaye yatakuwa ya kumsifu, na moyo wangu haujakubali kumsifu mtu huyu kabla sijasema kwamba hakujua kuandika S.

Tulikuwa wanagenzi wawili kwa fundi mmoja wa mabango mjini Kisii, miaka ya sabini ilipokuwa ndiyo kwanza imeanza. Karakana yetu ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya soko, na humo fundi aliandika majina ya maduka, milango ya malori, vibao vya bucha na vya makanisa. Mimi nilitangulia kufika. Hilo nalo nataka lijulikane.

Sikuwa nimefundishwa na mtu. Nyumbani kwetu ni upande wa Nyamira, ambako baba alilima pareto na chai kidogo, na shule yangu ya uchoraji ilikuwa mikebe. Mkebe wa kakao, mkebe wa mafuta ya kupikia, mkebe wa biskuti ambao shangazi aliwekea nyuzi zake. Niliuweka mkebe juu ya goti nikaiga herufi zake kwa penseli, na nikikosea hata kwa unene wa unywele nilifuta zote nikaanza upya. Raba ilipokwisha nilifuta kwa kipande cha kandambili. Mama akipita na mzigo wa kuni alisema kwa sauti, ili majirani wasikie, "Wenzake wanasoma vitabu, wangu anasoma mkebe." Sikujali. Niliamini kwamba mahali fulani duniani kulikuwa na A iliyo kamili, na kwamba siku mkono wangu utakapoacha kutetemeka nitaifikia.

Fundi alipoiona kazi yangu alisema, "Mkono unao." Nililala na maneno hayo kama mtu anayelala na mtoto mchanga, nikiogopa kuyalalia. Kwa muda nilikuwa mwanagenzi wake wa pekee, na sidhani kama nimepata kuwa na furaha safi kama ile tena.

Kisha akaja yeye. Alitoka Nyansiongo, ambako baba yake alipata shamba katika ardhi iliyokuwa ya masetla wa Kizungu, na kazi aliyowahi kuifanya kwa brashi ilikuwa moja tu: kupaka alama kwenye mikebe ya maziwa iliyokusanywa kando ya barabara, ili lori likirudi na mitupu kila mkulima autambue wake upesi. Huyu jicho, yule jembe, yule madoa ya njano. Hakuna hata herufi moja hapo. Nilipomsikia akimsimulia fundi habari hizo huku anacheka mwenyewe, nilijiambia kwamba mtu huyu hatamaliza mwezi.

Aliumaliza. Na si kuumaliza tu, alipendwa. Wateja waliokuja kwa ajili ya fundi waliketi kwenye benchi wakazungumza naye. Fundi, ambaye kwangu alizungumza kwa maneno machache kama anayelipia kila moja, kwake alisimulia hadithi za ujana wake. Mimi nilikuwa kwenye kona, nimeinama, nasikia kila kicheko. Watu husema wivu ni moto. Wangu ulikuwa baridi, kama maji yaliyoingia kwenye kiatu asubuhi, na siku nzima unatembea nayo hakuna anayejua.

Kazi mpya ilipokuja, fundi alikuwa na desturi yake. Kabla ya mtu kugusa brashi, aliuliza, "Umefikiria nini?"

Mimi nilijibu sikuzote, "Bado sijamaliza, Fundi."

"Sijauliza umemaliza nini. Nimeuliza umefikiria nini."

Sikuona tofauti. Kwangu mimi, kufikiria kulikuwa ndiko kupiga mistari. Nilichukua karatasi safi, rula na uzi, nikagawa nafasi, nikaanza na herufi ya kwanza nikaenda nayo hadi ya mwisho. Wazo lililonijia asubuhi lilikuwa lile lile jioni, ila limenyooka zaidi. Nilifanya hayo nimegeukia ukuta, na mtu akipita nilifunika karatasi kwa kiwiko. Niliona aibu ya kazi isiyokwisha kama mtu anavyoona aibu ya kukutwa anaoga.

Yeye hakuwa na aibu hiyo hata chembe. Alipasua mifuko ya simiti, akachora kwa makaa upande wa ndani, akachora vibaya, halafu, jambo ambalo sikuweza kuliamini, akawaonyesha watu. Mara moja tulipewa kibao cha bucha. Akachora ng'ombe, akatoka naye hadi barabarani, akamsimamisha mama mmoja mwenye kikapu kichwani.

"Mama, hii ni nini?"

Yule mama aliinamisha macho bila kuinamisha kichwa. "Ni kiti?"

"Ni ng'ombe, Mama."

"Basi mchinje upesi, anateseka."

Alicheka kuliko yule mama mwenyewe, akarudi ndani, akachora mwingine. Ningekuwa mimi ningehama mji.

Alinipa jina. "Bwana Rula," aliniita, bila ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi, kwamba hakukuwa na ubaya wa kushika. "Bwana Rula, hebu nione unachofanya."

"Bado."

"Basi nionyeshe hiyo bado yako."

Sikumwonyesha. Nikamaliza herufi za kibao kile, fundi akazisifu kwa kutikisa kichwa, kikabandikwa mahali pake, na wiki ile ile nikasikia watu wakizungumza juu ya ng'ombe wa bucha ile, ambaye mwishowe fundi mwenyewe alimsaidia mwenzangu kumnyoosha miguu. Juu ya herufi zangu hakuna aliyesema neno. Nilipita pale makusudi mara nyingi nikasimama karibu, nikingoja mtu aseme.

Asubuhi moja tulifika tukakuta kamba imefungwa katikati ya chumba, kutoka ukuta hadi ukuta. Upande mmoja mshonaji aliyekodishwa nusu ya chumba alikuwa tayari ameingiza cherehani yake. Fundi alikuwa amesimama upande wetu, na upande wetu ulikuwa na meza moja.

"Kazi zimekuwa chache," alisema. "Meza ni moja. Meza moja ni mwanagenzi mmoja."

Cherehani ilianza kulia, ikanyamaza.

"Mama wa duka la vitambaa anafungua hoteli Suneka. Kila mmoja wenu atamchorea uso wa hoteli, peke yake, mimi sitatia mkono. Mama akichagua ya mmoja wenu, huyo atabaki hapa na mimi. Mwingine nitamshika mkono tuagane vizuri."

Mama huyo alijulikana na mji mzima. Babu yake alikuja na biashara kutoka mbali akaoa Mgusii, mtu wa kabila letu, na familia yao ilikuwa miongoni mwa Waislamu wa zamani wa mjini. Aliweza kukukemea kwa Kiswahili laini na kukubembeleza kwa Ekegusii, katika sentensi moja.

Kwangu mimi kubaki kulikuwa kila kitu. Siku nilipotoka nyumbani baba aliniambia, "Nenda. Lakini ukirudi, umerudi kwenye pareto, na mikebe yako tutawekea chumvi." Niliwaza kurudi, nikawaza mama akiona ninapanda kilima na begi, nikawaza atakavyojitahidi asiseme lolote. Mwenzangu kwao Nyansiongo walikuwa na ng'ombe, mahindi, na baba aliyemtembelea karakanani na chupa ya maziwa. Angepoteza kitu gani? Niliuliza swali hilo kila siku, kana kwamba kulikuwa na hakimu mahali fulani anayesikiliza.

Tulikwenda Suneka siku ya soko ili tuuone ukuta. Ilikuwa nyumba mpya, ndefu, imepigwa plasta vizuri, imetazama barabara. Katikati palikuwa na mlango mkubwa wa mbao, na kila upande wake dirisha. Ningeweza kuupenda ukuta ule. Lakini pembeni kabisa, upande wa kushoto, mjenzi alikuwa ameweka mlango wa pili, mwembamba, ulioingia kwenye kachumba kalikotengwa na ukumbi kwa ukuta. Upande wa kulia hapakuwa na kitu cha kulingana nao. Nilihisi kama nimeonyeshwa uso mzuri uliong'olewa jino.

Nilifungua begi nikaanza kupima. Nilipima ukuta, madirisha, nafasi ya juu ya mlango, na kadiri nilivyopima ndivyo mlango ule mwembamba ulivyozidi kuniudhi. Nikiweka jina kati ya milango miwili, haliko katikati ya ukuta. Nikiliweka juu ya mlango mkubwa, upande wa kushoto unabaki mzito. Jasho lilinitoka.

Nilipogeuka kumtafuta mwenzangu, nikamwona ameketi na wanawake wauza ndizi ng'ambo ya barabara. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Alikuwa akila ndizi. Mwanamke mmoja mzee alimshika sikio akamvuta karibu amwambie jambo, na wote wakaangua kicheko, wengine wakijifunika midomo kwa kanga. Kisha akahamia kwa wanaume waliokuwa wakinyolewa kwenye baraza ya duka, akacheka na hao pia. Nilimwonea wivu hata kwa uvivu wake. Niliona kana kwamba dunia ilikuwa imempa ruhusa ambayo mimi sikupewa, ya kukaa tu.

Tukirudi mjini aliniuliza, "Uliuona ule mlango mdogo?"

"Niliuona."

"Unafikiri ni wa nini?"

"Wa kuharibu ukuta."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Nami, nakiri, kwa dakika nzima nilifurahi kwamba nimemchekesha. Kisha nikaona haya kwa kufurahi, kisha nikakasirika kwa kuona haya, na tulipofika mjini nilikuwa nimechoka kama mtu aliyelima.

Siku zile za kuchora sikula vizuri. Nilikuwa na karatasi moja nzuri, nene, niliyoiomba kwa mwalimu wa shule ya jirani, na juu yake nilijenga hoteli ile kwa penseli, kisha kwa wino, kisha kwa rangi ya maji. Mlango mwembamba ulinishinda mpaka siku ya tatu ndipo nikapata ufumbuzi, na nilipoupata niliruka kutoka kwenye kigoda. Nitaupaka mlango ule rangi ile ile ya ukuta! Fremu, bawaba, kila kitu. Kutoka barabarani hakuna atakayejua kwamba kuna mlango. Jina litakaa juu ya mlango mkubwa, na ukuta wote utatulia. Ilikuwa kana kwamba jino limeota.

Yeye aliziacha kazi zake wazi, zimetundikwa kwenye msumari, na alipokwenda kuteka maji nilizitazama. Zilikuwa mbaya. Nasema kweli, zilikuwa mbaya, na furaha iliyonipanda sitaki kuieleza. Hapa mtu amegeuza uso kama mwizi. Pale pazia linalofanana na gunia. Kikombe kikubwa kuliko nyumba. Mlango uliojazwa mkaa wote mpaka karatasi ikatoboka. Nyingine maandishi yamekatwa kwa mstari. Nilifunua moja, chini yake nyingine, chini yake nyingine. Na hapo katikati ya furaha yangu kitu kikaniuma. Mimi nilikuwa na wazo moja, nalo nililipenda. Huyu alikuwa na mawazo ambayo aliyaua mwenyewe, bila kulia, kisha akayatundika mahali ambapo kila mtu atayaona. Siku ile niliita jambo hilo uzembe. Nilirudi mahali pangu nikachonga penseli.

Tulimpelekea Mama michoro dukani kwake. Alikuwa ameketi kati ya majora ya vitambaa, miguu juu ya kibao, na fundi alisimama kando na mikono nyuma. Nilianza mimi. Nilipofunua karatasi, binti yake aliyekuwa akipima kitambaa aliacha kupima.

"Mashallah," akasema Mama. "Fundi, huyu ulimtoa wapi? Tazama herufi hizi. Kama za kuchapwa."

Fundi alitikisa kichwa. Mimi nilimtazama mwenzangu. Alikuwa akiitazama kazi yangu kwa kinywa wazi, na uso wake ulikuwa na furaha, furaha ya kweli, kama mtu anayetazama farasi wa mtu mwingine akikimbia. Nilitaka aone wivu. Nilimtafutia wivu usoni mwake kama mtu anayetafuta sindano, na sikuuona.

Mama alivaa miwani. Kidole chake kilisafiri kutoka mlango mkubwa, kikapita dirisha, kikafika kushoto, kikasimama.

"Na mlango wangu wa pembeni uko wapi?"

"Upo, Mama. Nimeupaka rangi ya ukuta, usiharibu mstari."

"Umeupaka rangi ya ukuta."

"Ndiyo, Mama. Hautaonekana."

Alimtazama fundi. Fundi alitazama dari. Mama akavua miwani, akaifuta, na kwa sauti ya upole kabisa akasema, "Haya. Tuone ya mwenzako."

Yake ilikuwa kwenye karatasi ya simiti, ameikunja kama maandazi. Herufi zake zilikwenda kama watoto wanaotoka shule. S ilikuwa imelala kabisa. Mlango mkubwa ulikuwa mwekundu. Mlango mdogo ulikuwa wa kijani, kijani cha kupiga kelele, na pembeni yake, kwenye kimo cha macho, kikombe kimoja kinachofuka moshi. Hakuna neno lililoandikwa pale.

"Kwa nini huu kijani?" Mama aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama, niliwauliza wale wauza ndizi kwa nini hawaingii hoteli yoyote hata mvua ikinyesha. Mmoja akaniambia, nikiingia nimkute baba mkwe ameshika nyama, nitatokea wapi?"

Mama alianza kucheka.

"Na wanaume nao wakasema vivyo hivyo. Mama mkwe akiwa ndani, mtu anapita na njaa yake. Basi nikajua ule mlango ni wa nini. Mtu akichungulia mwekundu akaona mkwe wake, anazunguka kijani bila kuuliza mtu."

"Mbona hukuandika kitu?"

"Niliandika kwanza. Chumba cha wakwe. Nikarudi Suneka kuwaonyesha, bibi mmoja muuza ndizi akanivuta sikio. Akasema, ukiandika hivyo nani ataingia? Kila anayeingia umemtangaza. Nikachora mtu amegeuza uso, wakasema ni mwizi. Nikachora pazia, wakasema ni gunia la mahindi. Ndiyo nikaacha kikombe tu."

Mama alikuwa amelaza kichwa kwenye jora, anafuta machozi. "Wallahi! Mlango ule niliujenga kwa sababu hiyo hiyo. Mume wangu aliniambia napoteza matofali. Sikumwambia fundi wenu, sikumwambia mtu, nikasema nione kama yupo atakayeuona." Kisha akanigeukia, na heri angenigeukia kwa hasira. "Na wewe, mwanangu? Si Mgusii wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Una dada aliyeolewa?"

"Ninaye."

"Basi."

Mimi nimezaliwa ndani ya chinsoni, hiyo adabu yetu ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto na kati ya wakwe, kama samaki anavyozaliwa ndani ya maji. Nilipokuwa mdogo nilikwenda na baba sokoni Nyamira, tukaingia mahali pa chai, na kabla hajafikisha kikombe mdomoni nyanya yangu, mama yake mama, akatokea mlangoni. Baba aliweka kikombe, akapita dirishani. Mtu mzima mwenye kofia, akapita dirishani! Mimi nilibaki na maandazi yote mawili, nikayala, nikaona jambo lile ni la kawaida kabisa. Nililijua kuliko nilivyojua alfabeti. Ila haikunijia hata siku moja kwamba jambo kama hilo linahusiana na kazi yangu. Nilidhani kazi yangu inaanza kwenye ukuta. Watu walioupita ukuta ule nilikuwa nawangoja wamalize kupita ili nipime vizuri.

Mama akachagua. Hamna haja ya kusema alichagua nini.

Nje ya duka fundi alinishika mkono, kama alivyoahidi. Kisha hakuuachia. "Mama anataka herufi zako," alisema. "Mawazo ya huyu, herufi zako. Utakubali kuziandika kabla ya kwenda?"

Ningependa kusema kwamba nilikataa kwa heshima. Nilikubali haraka, kabla hajamaliza, kwa sababu zilikuwa siku chache zaidi za kuitwa mwandikaji.

Kwa hiyo nilisimama juu ya ngazi kule Suneka, na yeye alisimama chini barabarani akiniongoza.

"Bwana Rula, nene kidogo."

"Ikiwa nene zaidi haitakuwa na uwiano."

"Aliye na mzigo kichwani haoni uwiano. Nene kidogo."

Nilinenepesha. Alikwenda mbali, akarudi akikimbia, akamshika mpita njia mkono akamwuliza anaona nini, akasema tufute ile ya mwisho. Tukafuta. Mbele za watu, tukafuta herufi yangu iliyokuwa haina kosa! Kijani cha mlango alikichanganya upya mara nyingi, na kila alipokosea alitangaza kwa sauti, "Nimeharibu tena," kama mtu anayetangaza kwamba chai iko tayari. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikionea wivu. Mkono wake haukuwa kitu. Hata kichwa chake, nilikuwa nimekikuza, kwa kuwa nilikuwa nimeziona karatasi zake na nilijua mawazo yake ya kwanza yalikuwa mabaya kuliko yangu. Nilimwonea wivu kwamba aliweza kukosea akabaki mtu yule yule. Mimi nikikosea mstari, nilikuwa nimekosea mimi, mzima, tangu kuzaliwa.

Kujua hivyo hakukunisaidia. Watu husimulia kana kwamba ukishaona chanzo cha maradhi umepona. Niliuona wivu wangu uso kwa uso, na ukabaki pale pale, sasa umeketi vizuri zaidi.

Siku hoteli ilipofunguliwa nilikuwepo, ng'ambo ya barabara, nikiwa na begi langu. Nilitaka kuona watu wakisoma. Mzee mmoja aliingia mlango mwekundu akipiga fimbo. Baada yake akaja mwanamke kijana na mtoto mgongoni, akachungulia, akarudi nyuma hatua moja, macho yakateremka ukutani kushoto, akaenda moja kwa moja mlango wa kijani akaingia. Hakumwuliza mtu. Hakutazama juu hata kidogo kwenye jina nililoliandika. Mwenzangu alikuwa amesimama kando ya wauza ndizi, na alipomwona yule mwanamke akiingia alirusha mikono juu kama mtu aliyefunga bao. Wanawake wakampigia vigelegele. Akanitafuta kwa macho, akanipungia nije.

Sikuvuka. Nilimpungia mkono nami, nikaenda zangu.

Nyumbani sikukaa sana. Mama hakusema lolote, alijitahidi kama nilivyojua, na baba alinionyesha jembe lilipo. Baada ya msimu mmoja wa pareto nilikodi kibanda Masimba, penye maduka kando ya barabara, nikaweka kibao changu nje. Kibao ni kizuri sana. Watu wachache wameingia. Habari za yule mwenzangu hunifikia: amepewa duka hili, ameandika shule ile, fundi amemwachia funguo za karakana. Kila habari hunipata mahali pale pale.

Juzi mwenye mashine ya kusaga unga aliniomba bango. Nilikwenda na mkono mtupu. Niliketi kwenye benchi pamoja na wanawake wanaongoja zamu, nikiwa nimefunikwa na unga kama wao. Nilimwuliza mmoja kwa nini anakuja hapa na si mashine ya kule chini. Akanitazama kama mtu anayeulizwa na askari. "Kwani kuna nini?" akasema. Nikasema hakuna. Nikamwuliza wa pili, huyo akacheka, akamgeukia mwenzake wakazungumza juu yangu mbele yangu. Nikakaa. Nikamwuliza wa tatu, naye akanijibu kitu kidogo, kwamba njia ya kule chini haina kivuli na jua humchoma mtoto mgongoni, ambacho sijui kama kina maana.

Yule mwenzangu angekuwa amekwisha kujua, na wote wangekuwa wamemshika masikio. Kwangu mimi, mashine ilizimwa, mwenye nayo akaanza kufagia, na bado nilikuwa pale kwenye benchi nikifikiria lile jua la njiani.